Bi Tahiya na Ramani ya Matofali ya Kwapandu

Mji wa Unguja umepimwa na watu wawili tu: Bi Tahiya Msabah, na mimi niliyempeleka. Wahandisi wamekuja na kuondoka, wakurugenzi nimewahesabu saba, lakini kuanzia Malindi bandarini mpaka nyuma ya Michenzani hakuna mtaro uliochimbwa wala ghorofa iliyoinuka bila ya mimi kwanza kuegesha gari mbele yake. Nalisema hili mapema, asije mtu akauliza kwa nini wasifu wa mkuu wa kitengo umeandikwa na dereva. Dereva ndiye aliyekuwapo.

Bi Tahiya anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia idara yetu miaka thelathini na sita. Aliingia mwaka 1989, umri wake miaka ishirini na nne, mwembamba kama penseli aliyopewa, kazi yake kunyoosha mistari kwenye ramani za wakubwa. Anatoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Tathmini ya Mazingira. Mwili umeongezeka kidogo, na yeye mwenyewe analisema hilo, lakini penseli bado ipo palepale, imechomekwa kwenye mtandio juu ya sikio la kulia. Imeshatafutwa na ofisi nzima mara zisizo idadi, mwenyewe akiwemo.

Kwa wenzetu wa masjala na wa uhasibu ambao miaka yote hii wamekuwa wakimwona anatoka na viatu safi na kurudi na tope, nawaeleza kazi yake kwa ufupi. Mtu akitaka kujenga jengo kubwa, au mtaa wa nyumba za chini ukitakiwa ugeuzwe mtaa wa maghorofa, ramani huwa nzuri sana. Miti imepakwa kijani, watu wamechorwa wanatembea na miavuli, na hakuna hata mmoja aliyebeba ndoo. Sasa kabla ya ruhusa kutoka lazima awepo mtu wa kuuliza maswali ya kuudhi. Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi? Ya vyooni yatakwenda wapi? Kivuli cha jengo kitamwangukia nani? Gari la zimamoto likiingia, litageuzia wapi? Mwenye kuudhi huyo ndiye Bi Tahiya, na aliudhi kwa adabu kubwa kabisa, mpaka watu wakawa wanamshukuru wakati anawarudishia makaratasi yao.

Mimi, Mkubwa Mansour, nilipangiwa kumwendesha mwaka 1998, katika zile mvua ambazo kila mwenye umri wangu anazikumbuka. Siku yangu ya kwanza maji yalijaa barabarani mpaka Land Rover ikaelea. Akaniuliza kama naweza kurudi nyuma. Nikamwambia, "Bi Tahiya, hii sasa ni mashua, lakini usukani ninao." Tukaelea hivyo mpaka Darajani, nikaifunga gari kwa kamba kwenye nguzo ya taa, akashuka na viatu vikavu. Wapo wanaosema siku ile maji yalifika magotini tu. Hao ama hawakuwapo, ama ni warefu.

Msidhani kwamba alikuwa adui wa maghorofa. Amekulia Michenzani, katika yale majumba marefu, ghorofa ya nne, na anayapenda kama mtu anavyompenda shangazi mkali. Alikuwa akisema kwamba mji unaokua lazima upande juu, vinginevyo utakula mashamba yote mpaka ufike Makunduchi. Lakini kwa kuwa alikulia humo, alijua mambo ambayo msanifu majengo haoni kwenye kioo cha kompyuta. Alijua nguo zinaanikwa wapi. Alijua pampu ikifa mama mzito anapandaje na madumu mawili.

Mwaka 2006 ililetwa ramani ya jengo la ghorofa sita, zuri, lina vioo, na ngazi zake nyembamba zinakata kona kali. Wakubwa wote wakasifu. Bi Tahiya akainua penseli na kumuuliza msanifu, "Mtu akifia ghorofa ya tano, jeneza litashuka vipi?" Msanifu akasema litapita. Bi Tahiya akasema vyema, twende tukajaribu, maana kuna jengo jengine la ngazi kama hizo linakaribia kumalizika.

Tukachukua ubao wenye urefu na upana wa jeneza. Ubao mtupu hauna uzito, kwa hiyo nikajitolea kulala juu yake, na kwa sababu ya vumbi la saruji nikajifunika shuka nyeupe. Wakanibeba vijana wanne. Kona ya kwanza tulipita kwa ubavu. Kona ya pili nikakwama kichwa chini miguu juu, na wabebaji wakaanza kubishana nani arudi nyuma. Wapita njia waliokuwa chini, wakaona shuka, wakavua kofia na kuanza kuniombea. Mama mmoja akauliza marehemu ni nani. Nikaona si adabu kukaa kimya, nikainua kichwa, nikasema, "Asalaam alaykum." Fundi mmoja aliyekuwa akipiga lipu aliruka ngazi nane kwa pamoja, na mpaka leo hajarudi kuchukua mwiko wake. Ngazi za ramani ile zikaongezwa futi moja na nusu. Nikipita pale siku hizi nawaambia watu kwamba upana ule ni wangu.

Visa ni vingi. Lakini nafasi niliyopewa na mhariri wa jarida la idara ni kurasa tatu, na kisa kikubwa nimekiweka kando makusudi. Nacho ni Kwapandu.

Kwapandu ni mtaa wa nyumba mia moja na sitini na tatu, nyuma ya Michenzani. Ni nyumba za chini zilizobanana, na upande mmoja kuna uwanja mpana ulioinama kama sahani, una minazi sita na magoli mawili ya miti. Ndiko ninakoishi. Mwaka jana ukaja mpango wa kuubadilisha matumizi mtaa huo: nyumba za upande wa barabara zivunjwe, yajengwe maghorofa kumi na moja, kila moja ghorofa nane, na manne kati yake yakae pale uwanjani baada ya uwanja kujazwa kifusi. Wenye nyumba za barabarani wapewe fleti. Nyumba za nyuma, tisini na mbili kwa hesabu, zibaki kama zilivyo mpaka awamu ya pili, ambayo haikutiwa tarehe. Nyumba yangu ni ya awamu ya pili, lakini ghorofa nilishaichagua: ya saba, upande wa upepo.

Tathmini ilifanywa na kampuni ya washauri, na aliyeiongoza ni mhandisi kijana anayeitwa Nadir Rehmtulla, mtoto wa Mji Mkongwe, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka linaweza kukukata. Nadir hakufanya uvivu. Alipita nyumba kwa nyumba na fomu zake. Kila alipofika alikaribishwa barazani, akaletewa kahawa, na baada ya kuulizana hali akauliza: maji ya mvua huingia ndani ya nyumba yako?

Hebu msomaji jiweke pale. Mgeni kakaa barazani kwako, kikombe mkononi. Majirani wanne wamekaa kando, masikio yamewasimama. Mwanamume gani wa Kwapandu atatamka mbele ya watu kwamba nyumba yake inaingia maji? Ni kama kutangaza kuwa uliijenga umefumba macho. Mmoja akasema hayaingii. Wa pili akasema kwake hayajawahi hata kukaribia. Zamu yangu ilipofika nikamwambia Nadir aandike kwamba kwangu haliingii tone, na kwamba jirani zangu nao wanasalimika kwa sababu nyumba yangu inawakinga. Akaandika. Fomu mia na sitini na tatu, jibu moja. Taarifa ikaandikwa kwamba uwanja unaweza kujazwa kifusi bila ya athari ya kutajika.

Taarifa ilifika mezani kwa Bi Tahiya mwezi wa Disemba, ikisubiri saini yake, na mkurugenzi, ambaye ni mtu mwema, akamwambia hii ni ya kutia saini tu, umalizie miezi yako kwa raha. Bi Tahiya akaenda nayo nyumbani siku mbili. Siku ya tatu akaniita.

"Mkubwa!"

"Naam, Bi Tahiya."

"Huu si mtaa wenu huu? Watu wa Kwapandu hata siku ya Sikukuu hamjawahi kukubaliana. Nyumba hii wanakula, nyumba ile wamefunga. Leo mmekubaliana nyote juu ya maji?"

Nikamwambia labda ni maendeleo.

Akanitazama vile anavyotazama ramani yenye kasoro. Kisha akaenda kwa mkurugenzi kuomba muda. Alipewa mpaka tarehe 20 Februari, siku ya kikao cha kamati. Asipoleta ushahidi mpya siku hiyo, mpango utapita kama ulivyo, malori ya kifusi yataingia kabla ya masika, na maji ambayo miaka yote yamekuwa yakikimbilia uwanjani yatageuka kutafuta pengine pa kukaa. Na pahala penyewe ni nyumba tisini na mbili zenye watu ndani. Ndilo lililomkosesha usingizi. Alisema garini, tena si kwa kunitazama mimi bali kioo cha mbele, kwamba saini yake ya mwisho haiwezi kuwa ndiyo inayowaingiza watu majini.

Lakini ushahidi wa mvua unaupata wapi mwezi wa Januari? Kaskazi limepamba moto, mbingu kavu, vumbi linatimka. Alama za maji kwenye kuta? Wenyewe tulishazipaka chokaa, kila mwaka tunapaka, na nadhani hata sisi wenyewe tulishaamini kwamba chini ya chokaa hakuna kitu. Nilimzungusha mtaani siku ya kwanza, akaona kuta nyeupe pee, akarudi garini bila ya kuandika herufi.

Siku ya pili alikuja na kanga ya nyumbani na mkoba wa ukili. Akaniambia nisiegeshe mbele. "Zunguka nyuma," akasema. "Leo hatupiti barazani."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Badria, mjane, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja. Bi Tahiya akapiga hodi mlango wa uani, wakaamkiana, wakaulizana wazee na wajukuu, na mimi nimesimama nje ya dirisha kama nguzo, daftari mkononi. Kisha nikamsikia Bi Tahiya anauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Bi Badria, kitanda chako mbona kirefu hivi? Unapanda kwa ngazi?"

"Mwanangu, kimesimama juu ya matofali."

"Mangapi?"

"Matatu kila mguu. La nne lile pale pembeni, la mwaka mbaya."

"Na yule mhandisi hukumwambia?"

"Nimwambie nini, na yeye hakuja huku? Alikaa barazani na wanaume. Maji yanapita uani."

Wallahi nilisikia penseli inatoka kwenye mtandio. Bi Tahiya akapiga magoti, akapima. Tofali moja likilazwa ni inchi sita. Matatu ni futi moja na nusu. Kuanzia hapo tukaenda nyumba kwa nyumba, wiki tatu mfululizo, kila mlango wa uani. Yeye ndani, mimi dirishani. Ananitajia, naandika. Kitanda mawili. Kitanda mawili, kabati mawili, friji matatu. Nyumba moja cherehani inaning'inia kwenye boriti kama popo, na mwenyewe akasema ataiteremsha masika yakiisha, kisha akakumbuka kwamba masika yalishaisha miezi saba iliyopita. Wanawake wa Kwapandu walikuwa na ushahidi wote, wameulalia juu kila siku, na hakuna aliyewauliza. Walimcheka Bi Tahiya kwa kupiga magoti mbele ya vitanda vyao, walimletea juisi ya ukwaju, mwishowe wakawa wanamsubiri na kugombana nani apimwe kwanza. Yule aliyekuwa na tofali moja tu alionekana mtu wa kujidai.

Mawazo ya kuhesabu matofali, kwa kweli, tulikuwa nayo pamoja. Mimi nilikuwa nayo muda mrefu zaidi ila sikuwa nimeyasema.

Siku ya kumi na moja tuliingia kichochoro cha kwangu. Nikaona ni vyema tuanzie ng'ambo ya pili. Nikaipita nyumba moja, taratibu, nikimweleza Bi Tahiya habari za bei ya pweza.

"Mkubwa, simama. Kuna nyumba umeiruka."

"Hii ilishapimwa, Bi Tahiya."

"Na nani?"

Kabla sijajibu, mke wangu Zuleikha akatokeza mlango wa uani, kanga mbili, uso unameremeta. "Karibu Bi Tahiya! Nakusubiri tangu juzi. Huyu ananiambia kwetu hamfiki."

Nilibaki dirishani kwangu mwenyewe kama mwizi asiyejua pa kuingilia. Nikamsikia Bi Tahiya anapiga magoti, halafu akasema, pole pole, "Manne."

"Yale ni ya hewa," nikasema kupitia nondo za dirisha. "Kitanda kinataka hewa chini."

"Hewa gani, Mkubwa?" akasema Zuleikha. "Na kabati nalo linavuta pumzi? Na pipa la unga lile juu ya meza, nalo limepandishwa kupigwa upepo?"

Matofali manne kila mguu, kumi na sita kwa kitanda kimoja. Ilikuwa ndiyo rekodi ya mtaa mzima, na wala haijavunjwa. Bi Tahiya hakucheka. Aliandika, akamshukuru Zuleikha, akaingia garini, akafunga mlango. Alicheka kuanzia Michenzani mpaka Darajani, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na tulipofika ofisini ilibidi akae dakika kumi ndani ya gari kabla hajaweza kushuka. Lakini mpaka leo hakuna mtu ofisini aliyesikia kutoka kinywani kwake nyumba ile ni ya nani. Mnasikia kutoka kwangu, na namtaka kila mmoja wenu afikirie kwanza kuna nini chini ya kitanda chake.

Ile hesabu akaichora. Nyumba ya tofali moja akaipaka samawati hafifu, mawili samawati, matatu samawati iliyokolea, manne akabonyeza penseli mpaka karatasi ikaumia. Alipomaliza, mtaa mzima ulionekana unateremka kuelekea uwanjani kama maji yenyewe yamechora. Hata mimi niliyeishia darasa la nane nilielewa kwa kutazama mara moja: ukiziba pale, hapa pote panakufa.

Siku ya kikao nilikuwa ndani ya ukumbi. Cheo changu siku ile kilikuwa kusimamia mlango na chai, lakini ndani nilikuwa. Nadir alianza. Alionyesha ukutani mwelekeo wa jua, upepo na vivuli, kazi safi, sikatai. Alipofika kwenye maji akasema wakaazi wote mia na sitini na tatu wamethibitisha. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nikaona mkurugenzi anatazama saa.

Bi Tahiya akasimama. Akatia mkono kwenye mkoba wa ukili, akatoa tofali zima la saruji, akaliweka juu ya meza ile iliyong'arishwa. Likatoa mlio ambao nadhani ulisikika Malindi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kipimo cha mvua cha Kwapandu ni hiki. Mwanangu Nadir ameuliza barazani. Mimi nimeuliza chini ya kitanda."

Akaitandaza ramani. Akaeleza robo saa, bila ya kupandisha sauti. Hakusema maghorofa yasijengwe. Alisema yajengwe saba badala ya kumi na moja, uwanja uachwe wazi upokee maji, na mtaro mpana uchimbwe kabla ya jiwe la kwanza la msingi. Mwenyekiti akamgeukia Nadir na kumuuliza ana la kusema. Hapo nikaliweka birika la chai chini, kwa sababu kijana angetaka kugombana angeweza. Alikuwa na fomu mia na sitini na tatu na majina ya watu wazima chini yake, langu likiwemo.

Nadir aliifuata samawati ya ramani kwa kidole mpaka uwanjani. Kisha akasema, "Mama, mimi vyumba vya ndani vya watu siwezi kuingia."

"Najua, mwanangu. Umelelewa vizuri. Ndiyo maana nikaenda mimi."

"Basi naiondoa taarifa yangu," akasema Nadir. "Naomba hiyo yako iwe yetu sote wawili."

Kamati ikapitisha: maghorofa saba, uwanja usiguswe, mtaro kwanza. Utaanza kuchimbwa Septemba. Nilipeleka chai mbio mbio kwa furaha, nikamwagia mkurugenzi suruali, na yeye akasema hapana neno.

Masika ya mwaka huu yalikuja mwezi wa Aprili, na Bi Tahiya bado yupo kazini. Mvua ilinyesha siku mbili. Maji yakaingia majumbani kama desturi yake, kwa kuwa mtaro bado, lakini yakapata uwanja wao, magoli yakabaki yamechomoza juu tu, na siku ya pili yakatoka. Uwanja ungekuwa na kifusi, yangetoka kwenda wapi? Bi Badria, aliyekuwa ameshaliongeza tofali lake la nne, akalichomoa na kulirudisha pembeni. Nadir alikuja na viatu vya mpira na dada mmoja wa ofisini kwao, wakapita milango ya uani na ramani ya Bi Tahiya mkononi, wanalinganisha. Nyumba tisini na moja kati ya zile tisini na mbili zilipata maji kwa kiasi kilekile kilichochorwa. Moja tu, ambayo siku hiyo ilikuwa imefungwa na ikabidi yachukuliwe maneno ya mwenyewe, ilikwenda kinyume. Bi Tahiya hakuipenda ile moja. Amekaa nayo wiki nzima, akapima tena mteremko, mwisho akaandika katika taarifa yake ya kufungia kazi: sababu haijajulikana.

Idara inamshukuru Bi Tahiya Msabah kwa miaka thelathini na sita ya kuuliza maswali ambayo wengine tuliyaonea haya. Vijana aliowafundisha kupima, na sasa wanajidai kwamba walizaliwa wanajua, wanamshukuru. Wanawake wa Kwapandu wametuma salamu na mikate ya kumimina minane, saba imefika. Bi Tahiya, tunakuombea umri mrefu, magoti yasiyouma, wajukuu wanaosikia wanapoitwa, na paa lisilovuja juu ya kichwa chako. Ukichoka kukaa nyumbani, piga simu. Gari iko na dereva yuko.

Na kwa kuwa wasifu ukishachapishwa haufutiki, naomba kufanya sahihisho moja la taarifa rasmi. Ile nyumba ya tisini na mbili ni yangu. Zuleikha alikuwa Makunduchi harusini, mlango wa uani niliufunga mwenyewe kwa ndani, na wewe ulinipigia simu asubuhi ukaniuliza maji yamefika wapi. Nikakujibu kwamba kwangu kukavu kabisa, halijaingia tone. Sijui kwa nini. Ni mazoea ya barazani, hata kama baraza yenyewe haionekani. Kafute yale maneno ya sababu haijajulikana, Bi Tahiya. Ramani yako ilikuwa sahihi nyumba zote. Maji yalikuwa juu ya tofali la tatu, na mimi nilikuwa naongea na wewe nimesimama juu ya kitanda.